Uani Hauachwi Chini

Hotuba kwa wakazi, mafundi na wanafunzi wa ujenzi, jijini Tanga

Assalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Wazee wangu, shikamooni. Vijana, habari za mchana.

Sisi wa Tanga tuna msemo ambao mgeni anausikia kabla hajashusha mizigo yake pale stendi ya Kange: waja leo, waondoka leo. Tunausema kwa bashasha, tukimaanisha mji huu ukishakukaribisha haukuachii uende. Lakini kila mwisho wa mwezi mimi naona kuondoka kwa namna nyingine. Naona kirikuu kimebeba godoro, jiko, kabati la vyombo na watoto wawili wamekaa juu ya mzigo, kinatoka Makorora kwenda Mabawa. Miezi sita baadaye familia ile ile inatoka Mabawa, inaelekea Pongwe. Mwenye nyumba ametaka kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo, na baba hana. Mtu anahama ndani ya mji aliozaliwa, na kila akihama anasogea pembeni zaidi.

Sensa ya 2012 ilitukuta watu elfu 273 hapa jijini. Ile ya 2022 imetukuta elfu 393. Watu kama laki moja na elfu ishirini wameongezeka ndani ya miaka kumi, na wote wanalala mahali fulani usiku. Bandari imeongezwa kina. Bomba la mafuta ghafi kutoka Uganda, kilomita 1,443, mwisho wake ni hapa kwetu Chongoleani. Hayo ni mambo ya heri, lakini bei ya ardhi imesikia habari kabla yetu. Ukiuliza kiwanja cha bei ya kawaida leo, dalali anakuonyesha kidole kule mbali, upande wa mashamba ya mkonge.

Na nyumba ya mbali hata ikiwa rahisi, hesabu yake haiishii kwenye bei. Mama anayeuza samaki asubuhi, analipa bajaji kwenda na kurudi. Watoto wawili wanalipa daladala. Baba akichelewa kazini analipa bodaboda. Piga hesabu hiyo kwa mwaka, utaona kodi aliyoikimbia mjini imemfuata mpaka shambani.

Kwa hiyo leo nataka tuzungumzie viwanja ambavyo tayari ni vyetu, vilivyo katikati ya mji, na ambavyo tunaviogopa. Ni viwanja vya urithi: vyembamba, vinavyoteremka, vyenye jiwe upande mmoja na maji upande mwingine, vyenye nyumba kuukuu ya mababu na warithi sita wasioelewana. Nimefanya kazi kwenye kiwanja kimoja cha namna hiyo kwa miaka minne, na yale niliyojifunza pale ndiyo niliyokuja nayo. Mtaa wenyewe sitautaja, kwa heshima ya familia, ila ni pembezoni mwa Ngamiani, pale ardhi inapoanza kuteremka kufuata mfereji wa mvua.

Palikuwa na nyumba ya Kiswahili, na nyumba ya Kiswahili mnaijua. Baraza mbele. Korido katikati, vyumba vitatu mkono huu na vitatu mkono ule. Nyuma uani: banda la jiko, choo, kamba ya nguo, na mwembe. Nyumba hii tunaidharau siku hizi, tunaiita ya kizamani, na mimi kama msanifu majengo nasema hakuna mtu aliyetubunia nyumba nafuu kuliko hii. Babu alijenga vyumba viwili kwanza, akaingia. Akipata mazao mazuri anaongeza cha tatu. Akazeeka, akapangisha vinne, kodi ikamlisha. Nyumba ilikuwa makazi, ilikuwa duka, ilikuwa pensheni. Kosa lake ni moja tu: inalala chini, inakula ardhi yote, na watoto wakiwa sita na wajukuu ishirini haitoshi.

Warithi walikuwa wamefikia kuuza. Mnunuzi alikuwepo, tajiri wa maghala. Wangegawana fedha, kila mmoja angepata ya kununulia kiwanja huko mbali, na mji ungekuwa umewatema watu sita kwa siku moja. Aliyezuia ni dada yao mkubwa. Aliniita, akanikalisha barazani, akaniambia: "Mwanangu, hapa nimezaliwa, na hapa nimeolewa kutoka mlango huu. Nitafutie njia sote tubaki."

Sasa kiwanja chenyewe. Upana mita 18, urefu mita 46. Kutoka barabarani mpaka ukingo wa mfereji kinateremka mita 4.2. Mbele, ukichimba sentimita sitini unagonga jiwe la matumbawe. Nyuma, ukichimba mita moja na nusu maji yanaanza kuchuruzika shimoni. Katikati kuna mwembe ambao watu watatu wakishikana mikono ndipo wanauzunguka. Na jambo baya kuliko yote, ambalo mtu asiye wa fani halioni: kiwanja kimelala kaskazini kwenda kusini. Ukijenga jengo refu kufuata umbo la kiwanja, kama wengi wanavyofanya, kuta zako ndefu zitatazama mashariki na magharibi.

Naomba niseme kidogo hapa kuhusu jua, kwa sababu ndipo nyumba nyingi za ghorofa zinapoharibika kabla tofali la kwanza halijawekwa. Tanga tuko kama nyuzi tano kusini mwa ikweta. Saa sita za mchana jua liko juu ya utosi, mwezi Juni limeinama kidogo kaskazini, mwezi Desemba limeinama kidogo kusini. Ukuta unaotazama kaskazini au kusini unaulinda kwa kuchomoza paa sentimita tisini tu, basi, umemaliza. Lakini jua la saa kumi jioni linakuja limelala, linaingia dirishani moja kwa moja kama mgeni asiyebisha hodi. Hakuna paa litakalolizuia. Ukuta wa magharibi unakunywa joto mpaka magharibi, halafu usiku kucha unakurudishia. Mwenye fedha anafunga kiyoyozi. Asiye na fedha anabeba mkeka analala nje. Upepo nao ni hivyo hivyo. Kusi inavuma kutoka kusini, kaskazi inatoka upande wa kaskazini mashariki. Mabaharia wa pwani hii wamesafiri kwa pepo hizo mbili karne nyingi. Nyumba yenye madirisha kaskazini na kusini inazipata zote mbili bila kulipia hata shilingi.

Ushauri wa kwanza tulioupata kwa mtaalamu mmoja ulikuwa kujaza kifusi. Tusawazishe kiwanja kiwe kama meza, tujenge ukuta wa kuzuia udongo nyuma, kisha tusimamishe jengo moja refu. Nikachukua kalamu. Mita 18 kwa 46, wastani wa kina cha kujaza mita 2.1: ni mita za ujazo zaidi ya 1,700. Lori la tipa linalobeba mita saba lingeingia mtaani kwetu karibu mara 250. Na ukishamaliza kumwaga fedha yote hiyo ardhini huna hata chumba kimoja. Na jengo lako sasa limekalia jiwe kwa mbele, na kwa nyuma limekalia kifusi juu ya tope. Jiwe halishuki. Tope linashuka. Jengo linapasuka katikati.

Nilikaa na michoro hiyo wiki tatu bila kupata jibu. Jibu nililipata siku nilipokwenda kukaa tu chini ya mwembe, saa tisa mchana, bila karatasi. Upepo ulikuwa unapita uani kutoka mfereji kuja barabarani. Babu aliyepanda mwembe ule alikuwa amechora ramani kabla yangu. Aliacha nafasi katikati.

Basi tukajenga majengo mawili badala ya moja. Kila moja lina upana wa mita nane tu na urefu wa mita 15, limekaa likikata kiwanja kwa mapana, uso kaskazini na mgongo kusini. Moja limesimama mbele juu ya jiwe. Jingine limesimama nyuma, chini, mahali penye udongo laini. Kati yao uani wa mita 12, mwembe katikati. Kila jengo lina msingi wake na limekalia udongo wa aina moja, kwa hiyo likitaka kushuka kidogo linashuka lote, halimvuti mwenzake. Ngazi imesimama peke yake uani, na vidaraja vya kwenda kwenye milango vimekalia ncha zake tu bila kufungwa, ili kila upande uwe huru.

Mteremko tuliokuwa tunauogopa nao ukatulipa. Ghorofa zetu zina kimo cha mita 2.97, yaani ngazi 18 za sentimita 16.5 kila moja. Jengo la nyuma tukaliteremsha ghorofa nzima chini ya usawa wa barabara, bila kuchimba cha maana, kwa sababu ardhi yenyewe ilikuwa imeshashuka kiasi hicho. Sakafu ya chini kabisa bado iko mita moja na ushee juu ya ukingo wa mfereji. Hilo tulilihakikisha kwa majirani: tuliwaomba watuonyeshe ukutani mwao alama ya tope ya mafuriko makubwa wanayoyakumbuka, tukaipima, kisha tukakaa juu yake. Jengo la mbele lina ghorofa nne, la nyuma tano. Ukiingia kutoka barabarani unaweza kushuka moja au kupanda tatu. Hakuna anayepanda zaidi ya ngazi 54, kwa hiyo hatuhitaji lifti. Na uani wenyewe uko nusu ya njia: unashuka ngazi tisa kutoka barabarani unaukuta, unashuka tisa nyingine unafika nyumba za chini. Udongo wa kuzunguka mwembe haukuguswa, mizizi iko pale ilipokuwa.

Nyumba 16, maduka mawili barabarani, ngazi moja. Hesabu hiyo naomba wanafunzi muiandike.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ndilo hasa lililonileta mbele yenu, nalo ni uani.

Jengo la kwanza nililochora katika mji huu, miaka mingi iliyopita, nililichora vizuri kwenye karatasi. Jiko lilikuwa ndani, limezungushiwa kabati, dirisha dogo. Baada ya mwaka nikarudi kulitazama. Nikapanda ghorofa ya pili nikakuta korido ya watu wote ina majiko matatu ya mkaa, dari imekuwa nyeusi, mtoto anachezea karibu na sufuria ya maharage. Wale akina mama hawakuwa wakaidi. Gesi walikuwa nayo ya kuchemshia chai. Lakini maharage ya saa tatu, pilau ya Ijumaa na maandazi ya biashara hupikwa kwa mkaa, na mimi nilikuwa sijawapa mahali pa mkaa. Moshi ule niliuweka mimi kwa kalamu yangu, na watoto wale waliuvuta.

Safari hii nilianza kwa kuuliza. Tulikaa barazani na dada mkubwa pamoja na wifi zake, tukaandika kila kinachofanyika uani tangu alfajiri mpaka usiku. Kuosha vyombo. Kukuna nazi, mtu ameikalia mbuzi. Kutwanga. Kufua na kuanika. Kuchinja kuku. Kusuka nywele. Kumlaza mtoto kwenye mkeka wakati ndani kuna joto. Kupokea wageni wa kike wakati wa msiba. Kuosha maiti. Orodha ilipofika hapo tulinyamaza wote kidogo, halafu wifi mmoja akauliza: "Na jeneza litateremkaje?"

Hilo swali halikuwahi kuulizwa na mwalimu wangu yeyote. Kesho yake nilimwomba seremala atengeneze fremu ya mbao, urefu mita 2.2, upana sentimita 70. Tukachora ngazi kwa chokaa pale chini uani, ukubwa wake halisi, na vijana wanne wakaibeba fremu ile mabegani wakajaribu kukata kona. Kwa upana wa mita moja niliokuwa nimeuchora walikwama. Kijana wa nyuma alilazimika kutoka nje ya mstari wa chokaa, na nje ya mstari maana yake ni hewani. Tukapanua ngazi ikawa mita 1.2 na kituo cha kugeukia mita 1.4. Wakapita vizuri, hakuna aliyeinamisha bega. Vipimo hivyo ndivyo vilivyojengwa.

Kwenye kila nyumba, upande unaotazama uani, tukatoa kibaraza cha jiko cha mita moja na nusu kwa mbili na nusu. Ukuta wake ni wa matofali yenye matundu, moshi unatoka, upepo unaingia, na mama akikaa anaona mwembe na anaona nani anapanda ngazi. Sakafu yake imeinama kidogo ili maji ya kuoshea yatoke. Mbuzi ya nazi inakaa, jiko linakaa, ndoo mbili zinakaa. Nilitaka kukipunguza kibaraza hiki mara mbili ili kuokoa fedha, na mara mbili nikairudia ile picha ya dari nyeusi.

Kinu kilitushinda. Ukitwanga ghorofa ya tatu, wa ghorofa ya pili anahisi paa linamwangukia. Tulijaribu kuweka tairi chini ya kinu, kelele ilipungua lakini mtikisiko ulibaki. Dada mkubwa ndiye aliyekata shauri. Akasema: "Kinu hakipandi ngazi. Mimi nitashuka, mradi nikute mahali pa kushukia." Pale chini ya mwembe tukalaza jiwe bapa tulilolichimbua kwenye msingi wa mbele, likawa la kutwangia. Pembeni yake pana bomba, na mabenchi ya zege upande wa kivuli cha jioni.

Ndugu zetu wa Unguja wana majumba ya Michenzani, yale marefu yaliyokata eneo la Ng'ambo, yaliyoanza kujengwa enzi za Mzee Karume kwa msaada wa wataalamu wa Ujerumani Mashariki. Ilikuwa nia njema, na maelfu ya watu wamepata paa. Lakini ukipita pale jioni utaona watu wamebeba viti wameteremka kukaa chini. Wanashuka kulifuata baraza, maana baraza halikupandishwa nao.

Kuhusu msingi nitasema kwa ufupi, ila kwa mkazo. Mmekwenda mapango ya Amboni, mmeona maji yanavyoweza kulila jiwe la chokaa mpaka likawa na vyumba. Jiwe la matumbawe nalo lina matundu. Mtu akikwambia "hapa kuna jiwe, jenga tu," usijenge bado. Kwenye kila shimo la nguzo tulipiga chuma kirefu kwa nyundo, na fundi mkuu alikuwa anasikiliza. Jiwe zima linalia kwa sauti kali, fupi. Kwenye shimo la saba sauti ilikuwa nzito, kama mtu anagonga mtungi. Tukatoboa zaidi. Chuma kikazama chote kwa mpigo mmoja. Chini palikuwa na uwazi unaoweza kumeza pipa la maji. Tulilivunja jiwe lile la juu, tukajaza zege mpaka tukafika kwenye jiwe zima. Siku tatu zilipotea, na kuna aliyelalamika kwamba namaliza fedha ardhini. Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lilianguka mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, watu 36 wakafa. Mimi siwezi kuwabania watu fedha ya msingi kwa jina la unafuu.

Na hapa pwani chumvi ndiyo adui wa nondo. Vile vipande vidogo vya zege ambavyo mafundi tunaviita biskuti, vya kuinua nondo isigusane na mbao za kumwagia zege, bei yake ni ndogo mno na ndivyo vya kwanza kusahauliwa. Nondo ikikaa karibu na uso wa zege, hewa ya bahari inaifikia, inapata kutu, inavimba, zege linabanduka. Tuliweka sentimita nne za zege juu ya nondo kwenye nguzo zote za nje. Mchanga wa ufukweni haukuingia kwenye kazi ile hata karai moja.

Unafuu basi tuliupata wapi? Tuliupata kwenye kurudia. Nguzo zote zimepishana mita 3.75, kwa hiyo mbao tulizomwagia slabu ya kwanza, yaani sakafu ya zege, ndizo tulizomwagia zote tisa. Nondo inauzwa kwa mita 12. Nafasi tatu za 3.75 ni mita 11.25, kinachobaki ni cha kukunjia, karibu hakuna kipande kilichotupwa. Madirisha yote yana saizi mbili tu. Jiko, choo na bafu vimepangana juu kwa juu, mabomba yote ya jengo zima yanashuka kwenye mistari minne, na yanateremka yenyewe mpaka kwenye karo iliyo nyuma kabisa, chini ya kila kitu. Pampu ya maji taka haipo. Mteremko unafanya kazi hiyo usiku na mchana.

Mvua nayo tuliihesabu. Tanga inapata kama milimita 1,300 kwa mwaka. Mapaa yetu mawili yana mita za mraba 330. Ukitoa inayopotea, unabaki na lita kama 340,000 kwa mwaka. Wakazi themanini wakitumia lita hamsini kila mmoja kwa siku, hayo ni maji ya siku 85. Hatuna tanki la kuyaweka yote, tuna la lita 30,000 lililo chini ya ngazi, lakini wakati wa masika vyoo vyote vinatumia mvua, na bili ya maji inashuka kila mtu akaiona.

Ndani hatukumaliza. Hili lilileta mabishano. Tulikabidhi nyumba zikiwa na mlango, madirisha, choo, jiko, umeme na sakafu ya saruji. Vigae, rangi na ukuta wa kugawa chumba cha pili tuliwaachia wenyewe. Kule Iquique, nchini Chile, mwaka 2004, msanifu Alejandro Aravena na wenzake walikuwa na ruzuku ya dola 7,500 kwa kila familia, familia 93, kwenye kiwanja cha nusu hekta katikati ya mji. Wangeweza kuzihamishia familia zile huko jangwani ambako ardhi ni rahisi. Wakachagua kubaki mjini na kujenga nusu nyumba, ile nusu ambayo familia haiwezi kuijenga yenyewe, wakaacha nafasi ya nusu ya pili. Dunia ilishangaa. Mimi niliposoma habari hiyo nilimkumbuka babu wa Ngamiani na vyumba vyake viwili vya kwanza.

Fedha na hati. Warithi sita walichukua nyumba sita. Kumi ziliuzwa kwa watu waliokuwa wakichanga tangu msingi: mwalimu, muuguzi, fundi cherehani, wavuvi wawili waliojiunga. Sheria yetu ya mwaka 2008 inamruhusu kila mmoja kuwa na hati ya sehemu yake ndani ya jengo, na inawataka wenye nyumba wawe na chama cha kusimamia vya pamoja: ngazi, paa, uani, karo. Kodi ya maduka mawili inalipa mlinzi, kunyonya karo na kupaka rangi vyuma. Msianze kujenga kabla hamjaandika nani anafagia ngazi. Nawaambia kwa moyo wote, ugomvi wa ufagio umevunja nyumba nyingi kuliko ugomvi wa urithi.

Wapo wanaosema watu wetu hawawezi kukaa ghorofani. Magomeni Kota, Dar es Salaam, familia 644 zilivunjiwa nyumba zao, zikasubiri miaka, na mwaka 2022 zikarudi pale pale kwenye maghorofa. Walirudi kwa sababu pale ni kwao.

Ninayo maombi mawili kwa viongozi waliopo hapa. La kwanza: mtaalamu mmoja aliyepitia michoro yetu alitaka tutoe maegesho ya magari 16, na maegesho yangekaa pale penye mwembe. Katika kaya 16 kuna gari moja na pikipiki tano. Tulibishana miezi minne mpaka tukaeleweka. Naomba kanuni za maegesho ziangalie watu watakaokaa, wala zisiangalie watu tunaowaota. La pili: saruji inatengenezwa hapa Pongwe, na mtu anayejengea familia yake nyumba ya vyumba viwili anailipia kodi ya ongezeko la thamani sawasawa na anayejenga hoteli. Litazameni.

Michoro ya kiwanja kile ipo kwenye meza ile karibu na mlango, pamoja na hesabu za nondo na mbao. Wanafunzi, piga picha, chukua vipimo. Mwenye kiwanja cha urithi kinachomsumbua, aje na upana wake, urefu wake, na idadi ya warithi, nitakuwa hapa mpaka alasiri. Na dada mkubwa amekubali kuja, yule pale mstari wa mbele mwenye kanga ya bluu. Anakaa ghorofa ya kwanza, jengo la nyuma. Muulizeni kuhusu kinu.

Asanteni sana.